Mwanga Ulitoka Kwenye Glasi

Mshauri wangu, nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo natetea tasnifu yangu ya fizikia hapa Lubumbashi na sijui nitasimama na uso gani, maana nilikwenda Ulaya na rangi niliyoitengeneza kwa shaba ili siku moja ivune umeme wa jua, nikaiyeyusha kwenye glasi ya maji na kuipima kwa leza yenye miako mifupi mno, mwako wa kwanza unaishtua rangi na wa pili unafuata kuona inafanya nini, na kati yao muda ni mdogo hata kupepesa jicho ni karne nzima, nikaona kwenye grafu alama kubwa ajabu, nikaamini ni rangi inayoitikia, nikampigia mama simu nikilia kwa furaha, akaagiza kitenge cha sare kwa ukoo mzima na misa ya shukrani ikasomwa, kumbe wiki hii nimefungua vipimo vya glasi yenye maji matupu, bila rangi yangu, na alama ni ile ile. Tonton Jeannot, kaka ya mama, anasema, "Mutoto yangu, nyamaza tu. Ile mwangaza hata macho ya muntu haiione. Nani atajua?" Mama naye, "Bitenge bilisha kushonwa, Wivine. Utatupatisha haya?" Nifanye nini?

*Wivine*

Wivine, pole. Lakini jibu ulilijua ulipofungua vipimo vile.

Tonton anauliza nani atajua. Yeyote mwenye leza na glasi ya maji, awe Japani au Brazili. Hiyo ndiyo heshima ya kazi uliyoichagua: haijali kabila lako wala askofu wako. Mji huu umezoea kuzindua barabara kwa tarumbeta, kisha mvua ya kwanza inaondoka nayo. Wayeyushaji wa shaba wa zamani hawakupiga vigelegele mbele ya tanuru. Walingoja shaba itiririke. Sisi tunashona sare ya ushindi, halafu ndipo tunautafuta ushindi.

Na wewe usijifanye yatima. Maji yalipaswa kutazamwa kabla ya simu kwa mama. Sasa toa alama ya maji kwenye alama ya rangi. Kitakachobaki, hata kikiwa kidogo kama punje, ni chako. Leo, si Ijumaa, mpelekee profesa wako grafu zote mbili. Akisema siku isogezwe, isogezwe. Akisema uendelee, anza utetezi wako na ile glasi ya maji, kabla hujaulizwa.

Mama mwambie mwenyewe, kwa adabu, mkiwa mmekaa. Atanuna. Kitenge hakiozi; kikunjeni mkiweke sandukuni. Kitavaliwa siku rangi yako itakaposema jambo ambalo maji matupu hayawezi kulisema.