Bamba la Kichwani kwa Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Tangu tumzike mama, mvua haijaacha. Paka wake amehamia kwa jirani, hata kuaga hakuaga.

Uliniuliza kwa nini wiki ile ya mwisho simu yake ilikuwa haipatikani. Nilikujibu ni mtandao. Nilikuficha yaliyobaki.

Chumba chake hakikuwa na mtandao kabisa, ndiyo maana nikamtengenezea bamba kule maabara ninakofanya kazi, lenye maelfu ya vipande vya shaba vidogo kama chawa. Nililifunga ukutani, upande wa kichwani pake, lipokee mawimbi ya simu ya dirishani na kuyapinda hadi kitandani. Pembe nilipima mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, kitanda kisisogee hata shubiri."

Akacheka. "Haya, fundi wangu."

Siku tuliyomkuta amefariki, kitanda kilikuwa kwenye ukuta wa mkabala, ambako mawimbi hayafiki. Simu ilikuwa mkononi. Alikuwa amejaribu kunipigia mara tisa.

Jana jirani alikiri kwamba yeye ndiye aliyemsaidia kukisogeza. Mama alimwambia amechoka kukipa kisogo kitu cha mwanawe. Alitaka akifumbua macho akione.

Sijaweza kulibandua bamba lile.

Ni mimi, kaka yako