Kiti cha Mgeni Kisiwani

Jumanne, 10 Juni
Nimepura maharage mpaka mgongo umegoma. Yaliyo safi nimeyatia kwenye kiroba, ni ya Naelijwa. Kesho naondoka Bombo, huku Upare milimani, kwenda kwake kisiwani, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwanangu wa pekee, miaka miwili sijamwona. Siku alipomleta mchumba wake Shabani, mvuvi, nilisema mbele ya ukoo mzima: mtu asiye na shamba hana kwao. Wakaondoka wote wawili siku hiyohiyo. Simu zangu hapokei. Sijaalikwa. Maji nayaogopa kuliko nyoka. Nakwenda hivyohivyo. Namtaka mwanangu.

Jumatano, 11 Juni
Mtumbwini nimefumba macho njia nzima, naimba pambio kimoyomoyo. Kisiwa chenyewe mawe matupu. Nyumba chache za mabati, mabanda ya kubanikia samaki, kuku wengi kuliko miti. Mgomba hata mmoja hakuna.
Naelijwa kanipokea kwa heshima zote. Shikamoo, karibu, pole na safari. Kiti cha plastiki, kipya. Perege mkubwa kuliko wote sahanini kwangu. Niliposhika sufuria niioshe, akaichukua taratibu. "Acha, wewe ni mgeni." Kiroba kakiweka pembeni, hajakifungua. Shabani naye mpole. Inaniudhi. Nilitamani awe mkorofi.

Alhamisi, 12 Juni
Kiti. Nikigusa ufagio, unachukuliwa. Nikisogelea jiko, naletewa chai. Mtoto akimkasirikia mama yake hununa, hubamiza mlango. Huyu ananikirimu. Afadhali angenitukana. Kuokota kuni nimemfundisha mimi, leo nakunywa chai yake kama mchungaji aliyekuja kutembelea waumini.
Kiroba bado kimefungwa. Nimelia kidogo nyuma ya banda. Mtu alipopita nikasingizia moshi.

Ijumaa, 13 Juni
Nyavu zimerudi zimejaa. Kisiwa kizima ufukweni na visu, wanapara perege kabla jua halijawaharibu. Mimi kitini.
Mama Zuhura, jirani mcheshi, akapaza sauti: "Naelijwa, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Watu wakacheka. Naelijwa hakuinua uso.
"Huku hatuna majembe, Mama Zuhura. Hatuna mashamba."
Ilinichoma. Nilijua ni yangu hiyo.
Siku ile nilitukana mbele za watu. Kuomba radhi chumbani kungekuwa ujanja. Nikasimama, nikamwambia Shabani kila mtu akisikia: mkwe wangu, nilikosa. Una kwenu, na mwanangu kwao ni hapa. Nisamehe.
Shabani akafuta mikono kwenye kaptula. "Yameisha, mama."
Naelijwa akapara samaki wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akanisukumia beseni na kisu.
Nimepara vibaya. Nyongo ikapasuka. Akanikaripia mbele ya wote kwamba naharibu samaki, nani atakula uchungu ule. Sijawahi kufurahia kukaripiwa namna hii.

Jumamosi, 14 Juni
Mikono inanuka samaki. Nimejikata vidole viwili.
Asubuhi nimekuta kiroba kimefunguliwa. Makande ya maharage yale yako motoni. Kiti cha plastiki kimewekewa nyavu, kwa hiyo nimekaa kwenye jiwe.
Naelijwa kanipa ndoo bila kugeuka. Kasema kwa Kipare chetu, kwa mkato, kama nilivyokuwa nikimtuma yeye utotoni: maji yamekwisha.
Mgeni hatumwi.
Nimekwenda. Nimeingia bwawani mpaka magotini, macho wazi. Nimeijaza ndoo mpaka juu.