Waridi, Buluu, Kisha Waridi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini sasa unatembea bila kumwita Mama akushike mkono. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili na anamng'ata kila anayemsogelea.

Nina habari kubwa, basi kaa vizuri. Jumanne moja mwezi uliopita, mwalimu wa kemia alifika shuleni sauti imemkauka kabisa. Wanafunzi arobaini walikwisha kaa maabara, na mtihani wao ulikuwa kesho yake. Mwalimu mkuu akashika kichwa. Yule wa kemia akaninyooshea kidole, akaandika ubaoni: huyu anaweza.

Nikasogea mbele, Baba. Nikachukua neli ya kioo yenye maji yaliyotiwa asidi na chumvi ya madini ya kobalti, rangi ya waridi, nikaitumbukiza kwenye maji ya moto. Yakageuka buluu! Darasa likaguna. Binti mmoja wanayemwita Mbishi akasema nimeyaunguza tu. Nikamwambia aitie neli kwenye barafu mwenyewe. Yakarudi waridi mbele ya macho yake.

Nikawaeleza kwamba humo ndani kuna mabadiliko mawili, moja linakwenda na jingine linarudi. Yakilingana mwendo, utadhani yametulia, kumbe hakuna lililopumzika. Kwenda kwenye buluu kunakula joto. Ukiongeza joto, buluu inatamba. Ukilipunguza, waridi inashinda.

Mbishi akauliza, "Na tukiongeza maji?"

Nikampa chupa ajaribu. Akayapasha hadi buluu, akadondosha maji, nayo yakayasukuma mabadiliko kurudi waridi. Aliruka hadi kiti kikaanguka! Hata mwalimu asiye na sauti alipiga makofi.

Baba, sasa nakuomba radhi. Miaka sita nimekuandikia kwamba nafundisha. Sifundishi. Naosha vyombo vya maabara na kupanga chupa kabatini. Kemia nimeijua kwa kutega sikio huku nimeinamia sinki, na mwalimu wake alikwisha nigundua. Nilipokosa nafasi ya chuo niliona haya kukuambia, maana ulikwisha nitangaza mtaa mzima.

Mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni kipindi chote kile, aliniandikia barua ya kunipendekeza. Jana chuo cha ualimu kimenikubali! Nimelia mpaka mume wangu akadhani kuna msiba.

Mpe Mama salamu zangu, umsomee taratibu. Na wale uliowatambia kwamba binti yako ni mwalimu, usiende kujikanusha. Waombe miaka miwili tu.

Akupendaye sana,
Kitindamimba wako