Nahodha Herbert Utting na Zamu ya Walter

Mwaka umetimia, Herbert, tangu ututoke, na mlango wa nyumba yako hapa Lowestoft bado haujui kufungwa. Wageni ni walewale, na samaki wa moshi hawatoshi vilevile.

Ulipenda chai nzito, redio ya kelele, na umbea kuliko ulivyokubali. Aliyepiga mluzi jikoni ulimtoa nje, awe mjukuu au kasisi, maana kwa mabaharia mluzi huita dhoruba.

Ulikuwa nahodha wa meli ya uvuvi. Vita vikakufanya mfagiaji wa mabomu ya baharini. Kikosi chenu kilikuwa meli sita, zote za kuvulia, sasa zikiburuta waya wa kunasia mabomu badala ya nyavu. Kila moja ilipita pale palipokwisha kufagiwa na mwenzake wa mbele. Ya kwanza tu ndiyo haikuwa na wa kuisafishia njia, kwa hiyo mlitangulia kwa zamu.

Asubuhi aliyokufa Walter Catchpole, nahodha mwenzako kikosini, zamu ilikuwa yako. Walter akatangulia, bomu likamchukua yeye na meli yake. Mjane wake Dora, jirani yetu, hakukusalimu tena. Watu wakasema umesingizia boila mbovu ya meli yako ili usitangulie. Kila Krismasi ulimwalika, kila Krismasi akakataa. Hukujitetea.

Juzi tulimwalika kwenye chakula cha kukukumbuka. Akaja, akasimama mlangoni na koti lake. Percy Mobbs, fundi wako wa boila, akashindwa kujizuia.

"Dora, boila ilikuwa inakohoa, lakini tulikuwa tayari kutangulia. Walter ndiye aliyepiga kelele toka melini kwake: 'Herbert, kikongwe chako kina pumu! Kaa nyuma, leo natangulia mimi!'"

"Na Herbert?"

"Alimtukana matusi yote ya bandarini. Walter akacheka, akaenda zake."

"Mbona hakuniambia miaka yote hii?"

"Alisema marehemu hatupiwi lawama, maana hawezi kujibu."

Dora akageukia mlango. Tukadhani anaondoka. Akavua koti.

"Wapumbavu wawili," akasema. "Sogea, Percy, umekalia viti viwili."

Herbert, hutoki mioyoni mwetu siku zote. Wanaokukumbuka ni mkeo Maud, wanao Ernest na Beryl, wajukuu wako wote, Percy Mobbs, na Dora Catchpole, aliyeomba mwenyewe jina lake liandikwe hapa.