Nani Atashika Kamera kwa Kina Mama

Nasma,

Nimekwenda Kibondo kufuata mzigo wa duka. Maharage yako jikoni, yaangalie yasiungue.

Asubuhi nilifoka kwamba chuo cha video hakimfai mtoto wa kike. Mama yako akauliza tu, kwenye harusi ya dada yako Faudhia nani atashika kamera ndani kwa kina mama? Nikaropoka, "Nasma, nani mwingine? Mwanaume ataingiaje humo?" Mkanitazama wote. Hata chai sikuimaliza.

Sasa sijui nimekataa au nimekubali. ~~Nenda Mwanza, shangazi yako yupo.~~ Aa, mnanichanganya! Vipigie simu vyuo vyote viwili, cha Mwanza na cha Dar, uulize kama wana mwalimu wa kike.

Sijasema uende. Uliza tu.

Baba yako