Watu 14,200 Waliofikiwa

Jumanne, 4 Machi

Nimepewa kazi. Matembezi ya hisani ya shule yamechangisha fedha nyingi kuliko mwaka jana, na klabu yetu ya Hisabati ndiyo itakayopendekeza ziende wapi. Mwalimu wa Hisabati (tunamwita Desimali, anajua na hajali) ametugawia mashirika, moja kwa kila mwanafunzi. Mimi nimepata la saratani ya ngozi. Nisome ripoti yao ya mwaka, niwaulize maswali, na Ijumaa ya wiki ijayo nisome tathmini mbele ya shule nzima na wageni.

Sikuliomba shirika hili. Lakini nilipoona jalada la ripoti — Mama Mdogo! Mdogo wake mama, fundi cherehani, tunaishi naye nyumba moja. Ana ualbino. Pichani amevaa kofia yao ya njano, anacheka. Chini wameandika: Maisha yamebadilika.

Nimefurahi, kusema kweli. Nimejisemea, hawa ni watu wetu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwonyesha Mama Mdogo. Alikuwa nje kwenye cherehani. Kiti chake huhama na kivuli: asubuhi mlangoni, mchana kando ya tangi la maji. Ameiangalia picha muda mrefu, pini midomoni. Akasema, kumbe mimi mrembo hivi na hamniambii.

Halafu akaniuliza kama najua kwa nini wamempiga picha upande wa kushoto.

Akavua kitambaa. Kidonda cha sikio la kulia. Nilijua kipo. Sikujua kimefika pale. Mwezi wa tisa kilikuwa kama punje ya mtama. Sasa kimekula ukingo wa sikio na kinatoa maji. Siku ya picha alimwuliza mpiga picha, na hiki je? Akajibiwa, dada, geuka kidogo, mwanga mzuri uko huku.

Kwenye orodha yao ya upasuaji yeye ni namba hamsini na nne. Madaktari huja mara mbili kwa mwaka na kupasua watu kumi na wawili kila mara. Ni zaidi ya miaka miwili! Kidonda hakijui kusubiri.

Mama alikuwa jikoni, alisikia yote. Aliendelea kusugua sufuria ile ile.

Ijumaa, 7 Machi

Ripoti nimeisoma mara tatu. "Watu 14,200 walifikiwa." Kila ukurasa ni kufikiwa. Fika, fikia, fikiwa. Tulifundishwa kwamba kauli ya kutendwa humficha mtenda. Hapa imemficha mpaka mtendwa.

Baada ya masomo nilikwenda ofisini kwao na barua ya shule. Afisa habari wao ni kijana mchangamfu. Alinipa soda na fulana. Nikamwuliza wanahesabuje mtu aliyefikiwa. Akasema, kofia tulizogawa, vipeperushi tulivyochapa, waliohudhuria mikutano, unajumlisha. Na mtu aliyepata kofia, na kipeperushi, na mkutanoni akaja? Huyo, akasema, tumemfikia kwelikweli. Akacheka.

Mguu mmoja wa meza yake ulikuwa mfupi. Wameuegemeza juu ya boksi la vipeperushi, halijafunguliwa. Nikauliza, na hivi? Akainama kutazama. Akasema, hivyo navyo viko njiani.

Soda sikuinywa. Najua ni utovu wa adabu.

Nyumbani nimemweleza Mama Mdogo. Akasema, basi mimi peke yangu ni watu wanne: kofia, kipeperushi, mkutano na picha. Mnipakulie sahani nne. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilishindwa.

Jumapili, 9 Machi

Hasira inaharibu mwandiko wangu. Mistari inapanda mlima. Niliandika "wezi", nikafuta, karatasi ikatoboka.

Jumatatu, 10 Machi

Desimali amesoma rasimu yangu akiwa amesimama. Akasema nimetukana kurasa mbili nzima. Usitukane, mwanangu. Gawanya.

Nimegawanya.

Mwaka jana walitumia milioni 96. Warsha, hoteli na posho: milioni 38. Kofia, fulana na mabango: milioni 17. Losheni ya kukinga jua: milioni 3. Upasuaji: milioni 9 na laki mbili, kwa watu ishirini na watatu. Yaani laki nne kwa mtu. Wanaosubiri ni sitini na mmoja. Fedha za warsha peke yake zingepasua tisini na watano — orodha yote iishe, na nafasi zibaki kwa ambao bado hawajaugua!

Ripoti inasema asilimia sabini imekwenda "kwenye programu". Nimejumlisha, ni kweli. Warsha wameziweka humo humo. Hapo ndipo ninapochemka. Uongo ningeushika mkia. Huu ni ukweli uliopakwa mafuta.

Lakini nimeandika na hili, kwa sababu ni haki. Nimempigia simu muuguzi wao. Wagonjwa wote ishirini na watatu anawajua kwa majina, na nani ana watoto wangapi. Wamepona wote isipokuwa mmoja. Hapa hakuna kwingine wanakopasua bure.

Pendekezo langu: tuwape, lakini kwa upasuaji na losheni tu, na watuonyeshe risiti. Wakikataa, tusitoe. Desimali amesoma tena, safari hii ameketi. Amerekebisha koma moja.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu Mkuu ameupelekea uongozi wa shirika nakala ya tathmini yangu. Kwa heshima ya wageni, anasema. Hakuniuliza.

Na jioni hii Mkurugenzi wao mwenyewe amempigia simu Mama Mdogo. Sauti ya asali. Nafasi imepatikana, madaktari wanakuja Jumatatu, ameandikwa namba nane. Akaongeza: na binti yetu huyo wa shuleni, tunasikia ana kipaji, mwambie Ijumaa aseme mazuri, sisi ni familia.

Kutoka hamsini na nne hadi nane, kwa simu moja! Kwa hiyo aliyekuwa wa kumi na mbili leo ni wa kumi na tatu. Wala hajui.

Nimesema nitasoma nilichoandika. Mama ameweka mwiko chini. Kwa mara ya kwanza amelisemea jambo hili, na amesema yote kwa pamoja. Kwamba nitasoma ninachoambiwa. Kwamba sikio la ndugu yake si zoezi la Hisabati. Kwamba wenye njaa hawachagui mkono unaowalisha, na mimi nimeshiba vitabu.

Nimelia. Sijui kama ni hasira kwa mama au kwa sababu ana haki.

Mama Mdogo amekata uzi kwa meno. Akasema, dada, sikio ni langu. Mtoto asome.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesoma. Yote. Milioni 38 nimeitamka polepole.

Mkurugenzi alipiga makofi kwa ncha za vidole. Mwalimu Mkuu amenishukuru kwa "mtazamo wangu". Klabu imepiga kura: risiti kwanza.

Mama hajanisemesha.

Jumatatu, 17 Machi

Benchi la hospitali. Tuko hapa tangu saa moja asubuhi. Mama hajanisemesha bado, lakini ameukata mkate wake na kunipa kipande kikubwa. Mama Mdogo yuko katikati yetu. Kitambaa kichwani, kadi ya namba nane mkononi, pembe zimeshalowa jasho.

Afisa habari amepita mara mbili. Hanitazami. Mara ya pili ameingia ndani na karatasi.

Wameita sita. Wameita saba.

Muuguzi ametoka, yule niliyempigia simu. Nimeijua sauti yake. Ameishika ile karatasi mbali na uso, kama anasoma barua ya mtu mwingine. Haiti majina. Ameita tisa.

Mama amenishika mkono. Ananiumiza.

Tisa ni mzee aliye pembeni ya mama. Seremala, ana ualbino, kidonda kiko shingoni. Tumepiga naye soga asubuhi nzima. Amesema, hesabu ya wapi hiyo? Nane yuko hapa, aingie.

Muuguzi amesema, mzee wangu, mimi naita kilichoandikwa. Tisa.

Mzee amekunja mikono. Amesema magoti yanamuuma, hawezi kusimama.

Muuguzi ameita kumi. Kumi ni msichana wa umri wangu. Amemtazama mzee, akamtazama Mama Mdogo. Akasema na yeye magoti.

Mkurugenzi ametokea mlangoni. Anauliza foleni imekwama wapi. Muuguzi ameita kumi na moja, polepole, na nadhani anajizuia kucheka, au kulia. Kumi na moja anafunga kamba za viatu. Mama Mdogo amesimama na kadi yake, mlango uko wazi, na Mkurugenzi amesogea kando.