Atomiki kwenye Chai ya Mama Kulwa

Shikamoo dada Mama Neema,

Hapa Maganzo hakuna mwenye bahati kama mimi: nimewabwaga wachimbaji wote kwenye mjadala wa atomiki! Redio ilisema mtambo wa umeme wa atomiki umelipuka huko Urusi, na sumu imeingia hadi kwenye maziwa ya ng'ombe wa Ulaya. Basi wachimbaji wakagoma kunywa chai kibandani kwa Mama Kulwa, maana anatumia maziwa ya unga ya kopo kutoka huko huko. Maskini, kibanda kilikaribia kufungwa. Mnunuzi mmoja wa almasi akatoa lenzi yake, akaukagua ule unga wa maziwa punje kwa punje. "Safi, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "hauna ufa!" Watu wakavunjika mbavu, lakini hakuna aliyekunywa.

Mimi niliyetembea dunia nikasimama: "Chemsheni tu, atomiki inakufa!"

"Haya shemeji, anza wewe," Mama Kulwa akanisukumia kikombe.

Leo anapika kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani, na benchi limejaa tena. Nibusie wanao, dada, Mungu awanenepeshe. Ila ule ushindi wangu ni uongo mtupu. Kikombe nilikirudisha, nikaomba chai ya rangi.